Uhuru Uliogeuzwa Uhura

Desemba 1967, gazeti la vichekesho la Marekani, MAD, lilichapa "Star Blecch", katuni iliyochorwa na Mort Drucker kuidhihaki Star Trek, tamthilia ya safari za anga. Tamthilia ilikuwa imeanza Septemba 1966 tu. Kukejeliwa mapema hivyo ni ushahidi kwamba wasomaji walikwisha kuijua vizuri.

Mimi wa Kigwena nacheka pengine: kwa Luteni Uhura wa tamthilia yenyewe. Jina lake lilitokana na neno "uhuru", mwisho ukageuzwa lifae mwanamke. Kiswahili hakina jinsia hiyo! Burundi ilipojitawala tarehe 1 Julai 1962, wanawake wauza ndagala wa huku ziwani walipata uhuru uleule wa wanaume, angalau kwa herufi.