Hulka ya Mtoto na Maradhi ya Akili

Katikati ya karne ya 20, matabibu wengi wa Marekani walimlaumu mama kwa kila tatizo la akili la mtoto. Alexander Thomas na mkewe, Stella Chess, hawakuridhika. Mwaka 1956, mjini New York, walianza kuwafuatia watoto tangu uchanga hadi utu uzima.

Waliona ya kuwa kila mtoto huzaliwa na hulka yake: huyu mwepesi, huyu mgumu, huyu mzito wa kuzoea mambo mapya. Miongoni mwa wagumu, 70 hivi katika kila 100 walipatwa na matatizo ya mwenendo. Miongoni mwa wepesi, 18 tu. Hata hivyo, hulka yenyewe haikuwa maradhi. Matatizo yalizuka pale matakwa ya wazazi au ya shule yalipopingana nayo.

Sisi walimu hupenda kusema: samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini samaki hawalingani. Basi kabla hatujamwita mwanafunzi mkaidi au mzito, na tujiulize kama tumemkunja kwa kadiri ya hulka yake, au tumemvunja.