Sanamu ya Jiwe la Kisii: Hivi Ndivyo Unaimalizia Hadi Ing'are

Msee, kama umewahi kupita Tabaka, kule Kisii, unajua jiwe la sabuni ni laini, hata kisu kinalikata. Ni kutoka kwa mawe ya huko ndio Elkana Ong'esa alichonga kazi iliyofika makao makuu ya UNESCO, Paris. Lakini kuchonga ni nusu tu ya kazi. Mnunuzi hushika sanamu kwanza, na kama inakwaruza mkono, bei inashuka hapo hapo.

Anza na mchoro. Kabla ya panga kugusa jiwe, chora mtu wako kwa penseli, upande wa mbele na wa ubavuni. Tumia kichwa kama kipimo: mtu mzima ni kama vichwa saba na nusu kutoka utosini hadi kisiginoni. Mtoto ni vinne au vitano, inategemea umri. Ukimpa mtoto vichwa saba, utapata mtu mzima mfupi, si mtoto. Miguu na shingo zichore nene, juu jiwe hili huvunjika mahali pembamba.

Ukishachonga, lainisha kwa tupa, kisha ingia kwa msasa. Hapa usiruke hatua: namba 120, 220, 400, halafu 600. Tumia msasa wa maji, na jiwe likae limelowa. Maji hufanya msasa usizibe, na muhimu zaidi, huzuia vumbi. Vumbi la jiwe hili si mchezo, linaharibu mapafu polepole. Ukilazimika kukata likiwa kavu, vaa maski na ufanyie nje.

Sasa ujanja ambao wengi husahau: jiwe likiwa limelowa huficha mikwaruzo. Liache likauke kabisa, uone mistari myeupe, ndio urudi nyuma kwa msasa mkali kidogo.

Ukitaka rangi, paka sasa, kabla ya nta, maana rangi haishiki juu ya mafuta. Ikikauka, kwaruza maua au pundamilia kwa ncha ya kisu, weupe wa jiwe utokee. Mwisho, anika sanamu juani ipate joto, paka nta kidogo, usugue na kitambaa safi.

Na kama umeajiri mama wa kupiga msasa, mlipe vizuri. Huo mng'aro unaouza ni wa mikono yake.