Faili Lililopachikwa Halizunguki

Mhasibu ana jedwali pana la Excel, na ripoti yake ya Word imesimama wima. Analipachika ndani ya ripoti, linafinyika hadi tarakimu hazisomeki, naye anataka kulilaza ubavu. Akilibofya, vishikio vya kulikuza na kulipunguza vinajitokeza pembeni. Kile cha duara cha kuzungushia, ambacho picha yoyote huwa nacho, hakipo.

Sababu imo katika kitenzi chenyewe. Picha hubandikwa, ikakaa juu ya ukurasa kama tangazo ukutani. Faili hupachikwa: linaingia zima, na programu iliyoliunda ndiyo inayoendelea kulihudumia. (Kuunganisha ni jambo jingine, hapo waraka hukumbuka tu mahali faili lilipo.)

Chukua nakala ya waraka huo, badilisha kiishio cha jina lake kutoka .docx kiwe .zip, kisha uufungue. Katika folda ya word utakuta folda mbili: embeddings, yenye lahajedwali kamili, na media, yenye picha ya jedwali. Kinachoonekana ukurasani ni hiyo picha tu. Ukiibofya mara mbili, Excel inafungua lile faili. Ukimaliza kulihariri, picha inachorwa upya, tena ikiwa wima.

Na neno "kamili" lichukuliwe kwa uzito. Hata kama ukurasani zinaonekana safu tano, kitabu chote cha Excel kimeingia, pamoja na karatasi ya mishahara iliyofichwa. Anayepokea ripoti anaweza kuifungua karatasi hiyo. Hili lanitia wasiwasi kuliko suala la kuzungusha.

Basi geuza ukurasa, uliache faili. Weka kikomo cha sehemu kabla ya jedwali na kingine baada yake, kisha chagua ukurasa wa mlalo kwa sehemu hiyo ya katikati pekee. Jedwali linapata nafasi, na hesabu zake zinaendelea kuharirika. Njia nyingine ni kunakili jedwali kutoka Excel na kulibandika kama picha kwa amri ya Bandika Maalumu. Kishikio cha duara kinatokea, unazungusha utakavyo, lakini tarakimu hazihaririki tena. Kwa rasimu inayozunguka ofisini, nachagua ukurasa wa mlalo. Kwa ripoti inayotoka nje, nabandika picha, kwa kuwa picha haibebi mishahara ya mtu.