Hofu Yenye Uso

Jina la mtaa wetu halihitaji kamusi. Rahaleo, hapa Mtwara, ni maneno mawili yaliyoshikana: raha na leo. Hicho ndicho anachokitaka Furaha katika Inside Out, filamu ya katuni ya mwaka 2015. Anaishi kichwani mwa Riley, msichana wa miaka 11, pamoja na Huzuni, Hofu, Hasira na Kinyaa. Familia inapohama Minnesota kwenda San Francisco, Furaha anapambana ili siku isipite bila raha. Anafikia hatua ya kumchorea Huzuni duara sakafuni na kumwambia asitoke humo.

Niliitazama na watoto wa dada yangu. Mdogo wao akauliza, "Mjomba, hao wamemwingia lini?" Kwake, wanaoishi ndani ya mtu ni mashetani, na mashetani wana siku ya kuingia na ngoma ya kuwatoa. Nilicheka, lakini swali lake lilinirudisha kwenye historia ninayoisoma chuoni. Kusini tulizipa hisia sura zamani sana. Tofauti ni kwamba sura hizo zilikaa uwanjani, mbele ya watu.

Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma huchonga vinyago vya kuchezea. Upande wa Msumbiji huitwa mapiko, na kinyago huvaliwa kama kofia. Upande wetu ngoma huitwa midimu, na kinyago mara nyingi hufunika uso tu. Wanawake na watoto waliambiwa kwamba anayecheza si mtu, ni marehemu aliyerudi. Watoto walikimbia kwelikweli. Kisha mvulana alipopelekwa jandoni, alikutanishwa na kitu kilekile kilichomkimbiza utotoni, na kinyago kikavuliwa. Chini yake alikuwa mtu, pengine jirani, anatokwa jasho. Mvulana akaapishwa asimwambie mama yake. Kuanzia hapo alijua hofu hubebwa na nani, na kwamba siku moja zamu ya kuibeba itakuwa yake.

Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa havijapoa, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Masasi na Newala akiwa na fonografu na kamera ya sinema. Alinasa nyimbo na ngoma. Hivyo ngoma za kusini ziliingia kwenye filamu miaka 109 kabla ya Riley. Kamera yake iliona miguu na vumbi. Alichokuwa akikisikia mwari moyoni hakikuwa kazi yake.

Waanglikana wa Masasi walikaribia zaidi. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wao kuanzia 1926, hakulipiga marufuku jando. Alilitia sala na kuliweka chini ya kanisa, kwa kuwa aliona kwamba bila jando kijana asingehesabiwa kuwa mtu mzima na wenzake, hata abatizwe mara ngapi.

Mwisho wa jando kambi ilichomwa moto. Vijana waliondoka bila kugeuka nyuma, wakiwa na majina mapya. Nikilinganisha na Riley, ninamwonea huruma. Rafiki yake wa kufikirika, Bing Bong, anayeyuka katika shimo la kumbukumbu zilizosahauliwa, na Riley hajui kabisa kwamba amempoteza. Utoto wake unakwisha bila shahidi. Huku kwetu ulikwisha kwa tarehe, na mtaa mzima uliijua.

Lakini mtaa huohuo ulipiga ngoma kwa nguvu ngariba alipokuwa kazini, ili kilio cha mvulana kisiwafikie akina mama. Hilo lilikuwa duara letu la Huzuni, nasi tulilichora kwa ngoma. Unyago nao, uliowafundisha wasichana usafi na heshima, umewatoa wengine ndani wakitazamwa kama wake, ilhali bado ni wa shule ya msingi. Hakuna aliyewauliza wanajisikiaje. Filamu inauliza. Riley anapona siku Furaha anapomwachia Huzuni usukani, naye analia mbele ya wazazi wake na kusema anakumbuka nyumbani. Katika yote niliyosoma kuhusu jando, sijakutana na siku iliyotengwa kwa ajili ya neno hilo.

Siku hizi sherehe nyingi husubiri likizo ya shule. Wavulana wengi hutahiriwa hospitalini, kwa ganzi, na shule zikifunguliwa wamo darasani. Kisu kimekuwa salama zaidi, na hilo silijutii hata kidogo. Ila mvulana wa leo anatoka hospitalini na dawa ya kidonda, bila mtu mzima aliyemvulia kinyago na kumwambia: tazama, ni mimi. Hofu bado inamkimbiza. Ya utotoni ilikuwa na miguu ya jirani chini ya vazi, angeweza kuitambua. Hii ya sasa anaachiwa aitafute mwenyewe, kichwani mwake, peke yake.