Krismasi ambayo Ewald Ovir hakuiona

Miaka michache iliyopita niliombwa kumfundisha Kiswahili kijana mmoja mmisionari aliyekuja Karatu kutoka Ulaya. Alikuwa na miaka 22, mpole, mwenye haya, na daftari lake lilijaa maneno kabla wiki ya pili haijaisha. Desemba ilipoingia akaanza kunyamaza. Siku moja tumekaa barazani, mvua za vuli zimenyesha, udongo mwekundu umetuganda kwenye viatu, akaniuliza: "Mwalimu, hivi Krismasi yenu haina baridi kabisa?"

Nikacheka. Nikamwambia baridi yetu ni Juni na Julai, aje wakati huo aone watu wa Karatu wanavyojifunga mablanketi asubuhi. Desemba kwetu ni wakati wa jembe. Yeye hakucheka. Ndipo nikaelewa kwamba hakuwa anauliza habari za hali ya hewa. Alikuwa anawakumbuka kwao.

Sikujua nimfariji vipi, nikaamua kumsimulia habari za kijana mwenzake. Jina la Ewald Ovir nilikutana nalo nikiwa natafuta vitu vingine kabisa, yaani vitendawili vya Kichaga. Kumbe mmoja wa watu wa kwanza kuvichapisha, pamoja na hadithi za Wachaga, alikuwa mmisionari kijana wa Kiestonia, katika jarida la Kijerumani la lugha za Afrika. Mwaka 1896 akauawa.

Tuanze na jinsi alivyofika. Wamisionari Waingereza wa CMS walikuwa Moshi tangu 1885, lakini mwaka 1892 Mangi Meli alipopigana na Wajerumani, serikali ya koloni iliwashuku kwamba wako upande wake, wakalazimika kuondoka. Mwaka 1893 wakaja Walutheri wa Misioni ya Leipzig, wakaanzia Machame. Ona basi mpangilio wenyewe: misioni moja imeondoka kwa sababu ya bendera, nyingine imeingia na bendera ileile. Mtu wa mlimani aliyekuwa akitazama mambo hayo hakuhitaji kusoma kitabu ili ajue nani anamfuata nani.

Ovir na mwenzake Karl Segebrock walitoka nchi za Baltiki, Estonia na Latvia za leo, ambazo wakati ule zilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Wote wawili walikuwa vijana wa miaka ya ishirini na kitu. Hapa kuna jambo dogo lililomfanya mwanafunzi wangu ainue kichwa. Urusi ilikuwa bado inatumia kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma kwa siku 12. Kwa hiyo kijana wa Estonia akisherehekea Noeli Kilimanjaro tarehe 25 Desemba, nyumbani kwa mama yake ilikuwa bado tarehe 13. Mama naye akija kuwasha mishumaa yake, mwanawe huku ameshafika tarehe 6 Januari. Hata kumbukumbu za kwao hazikuweza kukutana siku moja.

"Mimi angalau tunapigiana simu," akasema kijana wangu.

Ovir alianza vizuri, kwa maoni yangu. Mtu anayekusanya vitendawili ni lazima akubali kushindwa mbele ya watoto. Hawezi kuvikusanya akiwa amesimama juu ya mimbari; lazima akae chini, aambiwe "tega", akosee, achekwe. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa heshima ambayo Wazungu wengi hawakuwapa wenyeji.

Lakini Meru alikwenda kwa njia nyingine. Oktoba 1896 yeye na Segebrock waliondoka Kilimanjaro kwenda kufungua kituo kipya kwenye mlima wa jirani. Mangi Matunda wa Wameru alikuwa amewakubalia. Eneo hilohilo alikuwepo Kapteni Kurt Johannes, mkuu wa kituo cha jeshi cha Moshi, na askari wake. Wamisionari walipiga hema Akeri, Johannes akapiga kambi yake si mbali. Labda wao waliona hema mbili tofauti, ya Injili na ya serikali. Wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha waliona ujio mmoja.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba walivamia. Ovir na Segebrock waliuawa, na pamoja nao Wachaga kadhaa waliokuwa wamefuatana nao. Kwa kalenda ya kwao, ilikuwa tarehe 8. Zilikuwa zimebaki siku 66 kufika Krismasi ya huku.

Wengi husimulia habari hii wakaishia hapo, kwamba wafiadini wawili walimwaga damu na damu ikawa mbegu. Lakini haikuishia hapo. Muda mrefu haukupita Johannes akarudi na askari, pamoja na wapiganaji wengi wa Kichaga. Nyumba zikachomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakaswagwa, watu wakauawa. Kwa watu wanaoishi kwa ndizi, kukata migomba ni kukata maisha. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa Moshi ya Kale, na miongoni mwa walionyongwa pamoja naye walikuwamo viongozi kutoka Meru na Arusha. Lile boma la Arusha ambalo leo ni makumbusho lilijengwa kwa kazi ya kulazimishwa ya Wameru na Waarusha.

Halafu mwaka 1902 misioni ikarudi, ikajenga Nkoaranga, na mwaka 1904 Ilboru. Watoto wa wale waliochomewa nyumba ndio walioimba nyimbo za Noeli za kwanza pale mlimani. Sisemi waliimba kwa unafiki. Imani ile waliifanya yao kweli, hadi leo ni yao. Lakini hofu ya babu zao haikuwa ya kijinga. Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili kuwapisha walowezi Wazungu, ikachoma nyumba zao. Krismasi ya mwaka ule iliwakuta familia hizo hazina paa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda hadi Umoja wa Mataifa, New York, kulalamikia ardhi.

Nilipomaliza kumsimulia, kijana akaniomba nimpeleke Akeri. Tarehe 23 Desemba tukapanda gari alfajiri, tukateremka ukuta wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu, tukapita Makuyuni, tukaingia Arusha na foleni zake za sikukuu. Barabara ya Moshi ilijaa Wachaga wanaorudi kwao, magari yamebeba magodoro na mbuzi. Tukashuka Tengeru, tukapanda mlima kwa miguu kati ya migomba na kahawa.

Mzee mmoja alikuwa anapalilia kando ya njia. "Shikamoo, babu," kijana akasema, kwa lafudhi yake. "Marahaba, mjukuu wangu. Mmetoka mbali?" Tukamweleza tulichofuata. Mzee akaegemea jembe, akamtazama kijana kwa muda.

"Wale wawili tunawajua kwa majina," akasema. "Tunawaombea. Lakini waliokufa baadaye, wa kwetu, mimi baba yangu alikuwa akiwaita tu *wale*. Hakuna aliyewaandika."

Kijana akatoa daftari lake, akalifungua, akalifunga tena. Hakuwa na cha kuandika, maana majina yenyewe hayapo. Mzee akatukatia mkungu mdogo wa ndizi, akasema mgeni haondoki mikono mitupu siku za Noeli. Tulirudi Karatu usiku tukiwa nao mapajani.

Mimi nimekuwa nikijiuliza tangu siku ile kwa nini sisi tunaopenda vitabu tunamkumbuka Ovir. Ni kwa sababu aliandika. Hata mimi nilimfikia kupitia maandishi. Kalamu ilikuwa upande mmoja wa mlima, na wafu wa upande ule ndio wenye tarehe za kufa. Kumwonea huruma kijana wa watu aliyefia ugenini si kosa. Kosa ni huruma yetu kuishia pale maandishi yanapoishia.

Siku ya Krismasi kijana alikuja kwangu kula pilau. Baada ya chakula wanangu wakamzingira.

"Kitendawili!"

"Tega," akajibu. Hilo alishalijua.

"Nyumba yangu haina mlango."

Akafikiri. Akasema pango. Akasema hema. Akasema kaburi, wakamkatalia.

"Basi tupe mji!"

Akanigeukia, hakuelewa. Nikamfafanulia kwamba aliyeshindwa hutoa mji, na aliyetega huupokea, huenda akakaa huko, akirudi ndiyo anatoa jibu. Ni lazima uombwe, na ni lazima utoe mwenyewe. Angeweza kutaja Arusha au Dar es Salaam kama wafanyavyo wengi. Yeye akawatajia kijiji chao, jina gumu ambalo binti yangu mdogo alilirudia mara tatu ndipo likakaa mdomoni.

"Nimekwenda," binti akaanza, akilitaja jina lile kwa madaha. "Nikafika. Nikamkuta mama yako anapika. Akanipa blanketi, maana kwenu kuna baridi. Akaniuliza, mwanangu anakula vizuri huko? Nikamwambia anakula, lakini vitendawili hajui. Jibu ni yai."

Watoto wakaangua kicheko. Kijana naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze, huku anajifuta macho. Kisha akafungua daftari lake, akaandika: *yai*.