Ngoma na Picha: Nani Anabaki na Jina?

Katika toleo hili la kumbukumbu sisi walimu tumechagua kueleza historia ya picha za wachezaji ngoma, kwa sababu kila sikukuu vikundi vyetu hapa kambini hupigwa picha na wageni.

Mwaka 1924 Mpolandi mmoja, Casimir Zagourski, alihamia Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa, akafanya kazi ya kupiga picha. Alisafiri Kongo yote hadi Rwanda. Huko aliwapiga picha intore, wachezaji waliolelewa katika makao ya mwami, wenye manyoya kichwani na njuga miguuni. Picha zake aliziuza kama kadi za posta, akaziita "Afrika inayotoweka". Chini ya nyingi liliandikwa jina la kabila au la nchi, si jina la mtu. Kadi zilivuka bahari, aliyecheza akabaki bila kujulikana. Lakini ngoma haikutoweka: mwaka 2024 UNESCO iliiweka intore katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Mfano wa pili ni Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928 na kuhamia mji uleule. Mwaka 1954 mwanamuziki kijana Franco alimfanya mpiga picha wake. Depara akazunguka usiku katika baa na kumbi za dansi na kamera yake na taa ya flashi. Wachezaji dansi walikuwa wateja wake. Walisimama walivyotaka kuonekana, na nguo walizochagua wenyewe. Yeye aliujua mji kupitia dansi yao, nao wakapata sura zao wenyewe.

Tuangalie vizuri: wote wawili walikuwa wageni Kongo. Kwa hiyo tofauti haiko katika ugeni. Iko katika mapatano, na katika picha kumrudia mwenyewe.

Jambo hili linatugusa. Wengi wetu tulikimbia bila albamu. Wapo watoto wetu wasiozijua sura za babu zao, na katika nyumba nyingi picha pekee ni ile ya kitambulisho. Ngoma tuliweza kuibeba, kwa kuwa inakaa mwilini. Lakini mzee anayeijua akifariki, ushahidi wake uko wapi?

Tunawaomba wafanyakazi wa mashirika na wageni wote mambo matatu. Kwanza, zungumzeni na kiongozi wa kikundi kabla ya kupiga. Pili, andikeni majina ya wachezaji, jina la ngoma na mahali ilikotoka. Tatu, nakala moja irudi kambini, itunzwe shuleni.

Nasi viongozi wa vikundi tuwe na daftari la majina, tarehe na picha. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.