Mafuvu ya Upare na wasia wetu



Wengi wetu wa visiwani tunaijua Same kwa dirisha la basi. Ukitoka Dar kwenda Moshi au Arusha, milima ya Upare inakuandama upande wa kulia mwendo mrefu, watu wanashuka kula, safari inaendelea. Lakini juu ya milima ile, ambayo leo iko katika wilaya za Same na Mwanga, kuna historia yenye funzo kwetu wanawake, na hasa kwa mabibi harusi. Ni historia ya watu ambao hawakukwepa kutaja kifo.

Zamani, kabla Uislamu na Ukristo haujaenea kule, Wapare hawakuagana na mzee wao siku ya maziko. Alizikwa, na baada ya muda jamaa walirudi kulifukua kaburi na kulitoa fuvu. Fuvu liliwekwa ndani ya chungu na kupelekwa mahali pa ukoo, pangoni au chini ya mwamba, ndani ya msitu ulioheshimiwa. Hapo ndipo walipokuwa waliotangulia wote. Ukoo ukipatwa na ukame au maradhi, wazee walikwenda na pombe na mnyama wa kuchinja, wakawaita wafu wao kwa majina. Miti ya pale haikukatwa ovyo, na ndiyo maana hadi leo huko Usangi na Ugweno utaona vipande vya msitu wa asili katikati ya mashamba.

Mambo haya yameandikwa. Mmisionari wa Kijerumani Jakob Dannholz, aliyeishi Mbaga katika Same ya leo, alitoa kitabu kuhusu imani ya mizimu ya Wapare mwaka 1916. Baadaye Profesa Isaria Kimambo, mwenyewe Mpare, alikusanya masimulizi ya wazee na mwaka 1969 kikatoka kitabu chake cha historia ya Upare. Aliweza kurudi nyuma karne kadhaa kwa sababu koo zilikuwa bado zinawakumbuka wafu wao.

Tuseme wazi: sisi haturudi huko. Anayeombwa ni Mwenyezi Mungu peke yake, na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja akiwa hai. Kaburi haliguswi. Tunachokitazama ni ule uwazi wao. Mtoto wa Kipare alikua akijua kwamba babu amekufa, yuko wapi, amemwacha nani na nani ameshika nafasi yake.

Na bibi zetu wa visiwani nao walikuwa hivyo. Makaburi yako pembeni ya misikiti na katikati ya nyumba, watoto wanapita kila siku. Wapo wazee waliokuwa na sanda yao tayari sandukuni, pamoja na udi na karafuumaiti, na wala hakuna aliyeona ni uchuro.

Siku hizi tumebadilika. Sisi tunaoshona tunakaa na bibi harusi wiki nzima tukipima gauni, shela na nguo za kuvaa siku ya pili. Ukimuuliza mahari iliyobaki imeandikwa wapi, wakubwa wanaruka: "Usilete mkosi siku ya furaha!" Basi haiandikwi. Siku mume anapofariki, mke yuko ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, na nje watu wanagawana asichokijua. Kiwanja kilikuwa kwa jina la nani? Nani anadai? Yale mahari aliyoahidiwa, shahidi ni nani?

Dini yetu haikutuacha gizani. Mahari ambayo hayajalipwa ni deni, na deni hutolewa katika mali ya marehemu kabla ya kurithi. Wasia hauzidi theluthi moja. Mjane hupata thumuni mume akiacha watoto, na robo asipoacha. Lakini haki isiyo na maandishi wala mashahidi inapotea kirahisi mbele ya shemeji mwenye sauti kubwa.

Kwa hiyo, bibi harusi wetu, katika orodha ya harusi yako ongeza mambo matatu: mahari yote yaandikwe, yaliyolipwa na yaliyobaki, mume na mke kila mmoja aandike madeni yake na amana za watu alizonazo, na wasia uwe na mashahidi. Fanyeni mkiwa wazima na mnapendana, kwani hapo ndipo maneno haya yanaposemeka bila ugomvi.

Sanda ya mwanamke ni vipande vitano na haina mfuko. Gauni lako tutalishona, inshaallah, na lipendeze. Lakini karatasi ile iandikwe kabla ya siku ya gauni.